Milimita Nne za Mtukufu

Kaeni vizuri, nami nikae vizuri, maana habari hizi zikisimuliwa kwa kusimama zinafanana na ushahidi wa mahakamani. Nchi yenyewe sitaitaja. Ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani iko kwenye matengenezo. Ni nchi nzuri, ina redio, ina wizara arobaini na moja, na watu wake ni wasikivu sana. Wale wasiosikia wana mahali pao.

Katika nchi hiyo mtu hajulikani kwa jina wala kwa kazi, anajulikana kwa kucha. Mtukufu Mlezi wa Taifa alipotimiza miaka ishirini kitini alitamka kwamba kiongozi wa kweli hashiki jembe, hashiki mwiko, hashiki hata kalamu, na kwamba mikono yake lazima ioneshe hivyo. Kesho yake Sheria ya Vidole ikatoka. Raia wa kawaida, sentimita moja. Karani, mbili. Mkurugenzi, tano. Waziri, kumi. Za Mtukufu hazikuwekewa kikomo, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hana. Na kwa kuwa kucha za kuota zenyewe hukatika ukigusa tu sufuria, ikaamriwa ziwe za jeli, za kuundwa na fundi.

Mambo yakanyooka. Waziri akifika mlangoni husimama akangoja mtu mwenye vidole vya kufungua. Vikao vikawa vinaanza saa mbili baadaye, lakini vinaanza. Daktari wa upasuaji akipandishwa cheo anapewa kucha za sentimita tano, na hospitali inapata bingwa asiyeweza kushika kisu. Foleni ya wagonjwa ikapungua sana. Haikusemwa walikuwa wanapungukia wapi.

Shida ilikuwa makofi tu. Mkubwa hawezi kupiga makofi, kiganja hakifikii kiganja. Kwa hiyo makofi yakawa wajibu wa wadogo, na asiyepiga akahesabiwa ametukana kimya.

Sasa huko nyuma ya soko, jirani na mashine ya kusaga, palikuwa na kibanda cha fundi mmoja wa kucha, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, jina lake Mwajabu. Mwembamba, mkali wa macho, mkono mwepesi. Wanawake wa mji ule walikuwa radhi kumsubiri yeye nusu siku kuliko kuhudumiwa na mwingine papo hapo. Anakusugua ukucha kwa tupa laini mpaka mng'ao uondoke, anaupangusa kwa spiriti, anachomeka kikaratasi chini ya ncha ya ukucha, halafu anaivuta jeli kwa brashi juu ya kikaratasi hicho mpaka ukucha mpya unasimama. Mkono unaingia kwenye taa ya kukaushia jeli, unahesabu sitini, unatoka na ukucha mgumu unaoweza kugongea meza.

Ukutani alikuwa amebandika maandishi makubwa: USINAWE KABLA YA KUCHA. Mteja akija na mikono imelowa anamkalisha pembeni akauke. Aliwaambia wote, mpaka wakakariri, kwamba ukucha hunywa maji, na ukiyafungia maji chini ya jeli, chini yake panaoza. Panaanza ukijani, halafu harufu, halafu kidole chenyewe. Na jeli ikiinuka kwenye mzizi usiizibe juu kwa juu. Iondoe yote, ukucha ukauke, uanze upya. Ndiyo ilikuwa dini yake ya kazi.

Mumewe alikuwa Mwalimu Kitwana, wa hisabati. Mtu mpole, kidole gumba chake cha kulia cheupe kwa chaki siku zote, na darasa likimshinda hapigi kelele, anapiga makofi matatu tu, pa, pa, pa, kimya kinaingia.

Huyu ndiye aliyeleta balaa, tena kwa kufundisha. Niwaeleze. Jeli ikishakaa wiki tatu, ukucha wa asili unakuwa umeota, na kati ya ngozi na jeli pameachwa pengo. Fundi hulijaza, maisha yanaendelea. Lakini Wizara ya Kucha na Ukuaji ilitangaza kwamba pengo la kidole gumba cha Mtukufu ndilo kipimo cha ukuaji wa taifa. Kila wiki tatu linapimwa kwa rula, redio inatangaza. Milimita mbili, makofi. Milimita mbili nukta moja, makofi na mapumziko ya nusu siku.

Mwalimu Kitwana akawaambia wanafunzi wapime kucha zao. Wakapata milimita mbili, karibu wote. Akaandika ubaoni: ukuaji wa taifa, mbili, ukuaji wa Siwema wa dawati la tatu, mbili, tafuta tofauti. Siwema akanyoosha mkono akasema hakuna tofauti, Mwalimu. Akapewa vema. Kufika mapumziko ya saa nne Mwalimu alikuwa ameshachukuliwa, chaki mkononi, kwa kosa la kupima bila kibali.

Hukumu yake, kama za wengi siku hizo, haikuwa ya miaka. Hakimu alisema atakaa Nyumba ya Subira mpaka taifa litakapokua milimita nne kwa mkupuo mmoja. Watu mahakamani wakapiga makofi, kwa kuwa waliambiwa hiyo ni hukumu yenye matumaini. Mwajabu alipiga pia. Moyoni alikuwa anajua kwamba hakuna mwanadamu anayeota milimita nne kwa wiki tatu, seuze mzee wa miaka themanini na moja.

Miezi mitano baadaye gari jeusi likasimama mbele ya kibanda. Fundi wa Ikulu alikuwa amestaafu ghafla, na aliyemtangulia pia, na walikuwa wamestaafia mahali pamoja. Mwajabu akapelekwa mbele ya Mheshimiwa Mpendu, Waziri wa Kucha na Ukuaji, bwana mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa na mtu wa kumfungua vifungo, mtu wa kumkuna, na mtu wa kumshikia rula.

Mwajabu hakutaka kuficha kitu. Akamwambia Waziri kwamba mumewe ni mfungwa.

"Tunajua, mama," Waziri akasema. "Ndiyo maana tumekuchagua. Mtu mwenye wake ndani, mkono wake hautetemeki."

Basi akaanza kazi Ikulu. Mtukufu mwenyewe hakuwa na neno, alikuwa analala. Anaketishwa, mikono inawekwa juu ya mto wa hariri, usingizi unamchukua, na Mwajabu anabaki na vidole kumi vya nchi nzima mbele yake. Akiamka hugonga meza kwa kucha zake mara moja, kuonesha kwamba hakulala.

Huko kugonga ndiko kulikoinua jeli. Siku moja Mwajabu akaona kwenye kidole gumba cha kulia, pembeni mwa mzizi, doa jeupe la hewa. Akaligusa kwa kijiti, likatoa maji. Akamwambia Waziri kwa heshima zote kwamba jeli imeachia, maji yameingia, inabidi iondolewe yote na ukucha ukae wazi ukauke, la sivyo patakuja kuoza.

Waziri akamtazama kwa huruma, unavyomtazama mtu wa shamba anayeuliza bei ya lifti.

"Fundi," akasema, "mamlaka haiondolewi. Hujazwa."

Akajaza. Angefanya nini? Baada ya wiki tatu doa likawa kijani. Akajaza tena. Kijani kikaonekana mpaka kwenye picha za magazeti, na badala ya watu kushtuka, Waziri akaita waandishi akawaeleza kwamba hiyo ni rangi ya ustawi, inayotoka ndani kwa ndani. Kufika Ijumaa wizara zote arobaini na moja zilikuwa zimepaka gumba la kulia kijani. Mkurugenzi mmoja aliyepaka la kushoto kwa kukosea hakuonekana tena Jumatatu.

Halafu ikaja siku ya kupima, na Mwajabu, kabla rula haijaletwa, akainama akatazama pengo. Hapakuwa na pengo. Ukucha ulikuwa umekufa, haukuota hata unywele. Sifuri.

Sifuri ikitangazwa, yeye atastaafu ghafla, na Mwalimu hatatoka milele. Waziri alikuwa koridoni anangoja kufunguliwa mlango. Mwajabu akashika tupa, akaisugua jeli kwenye mzizi, akairudisha nyuma taratibu mpaka pakaonekana pengo safi la milimita mbili. Akapuliza vumbi. Mlango ukafunguliwa, rula ikaja, redio ikatangaza mbili, nchi ikapiga makofi.

Usiku ule, au mchana wake, sikumbuki, wazo likamwingia na halikumtoka. Ikiwa ukuaji wa taifa uko kwenye tupa yake, basi na ufunguo wa Nyumba ya Subira uko hapo hapo.

Hakuwa na pupa. Mara iliyofuata akatoa mbili na nusu. Halafu tatu. Redio ikawa inapaza sauti. Unga ulikuwa umeadimika wiki hizo, sabuni haionekani kabisa, lakini watu waliambiwa hizo ni dalili za kawaida za mwili unaokua haraka. Tatu nukta nne. Mwajabu alikuwa anafunga pumzi akifanya kazi, maana kidole sasa kilikuwa kinanuka, na wapambe walikuwa wamemwagia manukato mpaka kichwa kinauma. Mtukufu hakuhisi kitu. Tupa ilikuwa inakwangua mahali palipokufa.

Siku ya milimita nne, mshika rula mwenyewe alilia. Mtukufu akaamka, akapiga meza, akatangaza msamaha kama hukumu zilivyosema. Wafungwa mia tatu na kumi na wawili watatoka. Na kwa kuwa sheria hairuhusu raia kutembea huru bila kucha za sentimita moja, Fundi wa Ikulu atakwenda langoni kuwatengenezea, bure, kwa hisani ya Mtukufu.

Mwajabu alirudi nyumbani akapanga sanduku lake kwa furaha. Alikata vikaratasi kumi kwa kipimo cha vidole vya Mwalimu, kwa kumbukumbu tu, akavifunga kwenye leso peke yake. Kucha zake zilikuwa pana, bapa, na gumba la kulia lina mfereji mdogo katikati. Alitaka awe wa mwisho, ampake taratibu, waondoke pamoja wakanywe chai.

Uwanja wa Nyumba ya Subira ulikuwa umefagiliwa. Kwenye hema walikaa wageni wa kutoka nje, wale waliokuwa wakiuliza-uliza habari za wafungwa, wanakunywa soda kwa mirija. Meza iliwekwa, taa ikavutiwa waya mrefu. Mfungwa wa kwanza akaketi, mzee aliyefungwa kwa kukohoa wakati wa taarifa ya habari, akaweka mikono mezani.

Vidole kumi, kucha hakuna. Palipokuwa na ukucha palikuwa na nyama nyekundu, imekauka katikati, imelowa kando.

Mwajabu akadhani ni ajali ya mtu mmoja. Akaita wa pili. Kisha wa tatu. Kisha akainua macho akatazama mstari mzima, na wote walikuwa wameficha mikono kwapani.

Bwana Jela alikuja kumweleza bila ubaya wowote, mtu wa utaratibu kabisa. Ukucha ni silaha, kwa hiyo mfungwa akiingia zinatolewa. Zikiota zinatolewa tena. Ratiba ni kila wiki tatu, sambamba na siku ya kujaza Ikulu, ili taifa zima liwe na siku moja ya kucha.

Mwajabu akamwendea Waziri Mpendu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jeli haishiki juu ya nyama, inahitaji ukucha, hata kipande.

"Basi hawatatoka," Waziri akasema, bila kuacha kuwapungia wageni mkono. "Msamaha umetolewa. Mtu akikosa kucha hilo ni lake. Atarudi ndani zikaote."

Mwajabu akasema lakini taifa limefika nne.

"Mama, unadhani hatuna pua?" Waziri akacheka kidogo. "Kile kidole kinanuka tangu masika. Ulitaka nne, tulitaka nne. Wageni wametaka msamaha, nao wamepata. Nani amemdhulumu nani?"

Mwajabu akarudi mezani. Mmoja mmoja wakaja, mmoja mmoja mshika rula akawapima, akasema hakuna, wakarudishwa. Wa arobaini alikuwa Kitwana.

Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, lakini aliketi kwa mkao ule ule wa mezani kwao. Akaweka mikono mbele ya mkewe. Mwajabu hakutaka kuitazama, akaitazama. Ule mfereji wa gumba la kulia haukuwapo, hapakuwa na pa kuwapo. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Zimefika ngapi?" Mwalimu akanong'ona.

"Redio inasema nne."

"Sikuulizi redio."

"Sifuri, Mwalimu. Kidole kimekufa zamani."

Kitwana akatikisa kichwa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Basi nilikosea," akasema. "Niliandika mbili."

Mwajabu akatazama lango. Hatua thelathini, hazizidi. Jeli isiyo na pa kushika itakaa kiasi gani? Dakika tano, kumi, isipoguswa. Akamwambia itauma. Mwalimu akasema amwundie hivyo hivyo.

Akafungua leso, akachomeka kikaratasi cha kwanza chini ya ncha ya kidole, akaiweka jeli juu ya nyama mbichi. Wanaojua kazi wanajua kwamba jeli nene inapokauka kwenye taa huchemka, na mtu mwenye ukucha mzima hurusha mkono akapiga kelele. Kitwana alihesabu. Moja, mbili, tatu, kwa sauti ya darasani, mpaka sitini, kisha kidole kingine, tena kutoka moja. Mara kumi. Kufika cha nne jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na hesabu haikuruka hata namba moja.

Zilitoka kucha nzuri kuliko zote Mwajabu alizowahi kuunda. Mshika rula akapima, sentimita moja, sentimita moja, mpaka kumi. Wageni wakasimama kupiga picha. Mwajabu akamnong'oneza mumewe asiguse kitu, asimshike mtu mkono, atembee tu.

Kitwana akatembea, mikono mbele, kama mtu aliyebeba sinia ya vikombe vilivyojaa. Hatua kumi. Hatua ishirini. Mwajabu alikuwa anahesabu naye, midomo ikicheza. Hatua ishirini na sita.

"Hebu ngoja, Mwalimu," Waziri akaita, amechangamka, amewageukia wageni. "Raia wetu wa kwanza huru. Tumshukuru Mtukufu. Makofi."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Askari walipiga, wapishi walipiga, wafungwa walipiga na vidole vyao vile. Kitwana alisimama hatua nne kutoka langoni na mikono yake hewani. Akageuka, akamtafuta mkewe, akamwona. Makofi yakaanza kupungua, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama yeye. Asiyepiga ametukana kimya.

Akapiga. Mara tatu, pa, pa, pa, vile vile alivyokuwa akilinyamazisha darasa.

Kimya kikaingia. Halafu kucha zikaanza kudondoka kwenye saruji, moja moja, zinalia kama punje za mahindi makavu. Mshika rula akainama akaokota ya gumba, akaipima kwa uaminifu, akasema ni sentimita moja kamili, ila haiko kidoleni. Wakamshika Mwalimu mabega wakamrudisha ndani. Waliosalia kwenye mstari nao wakarudishwa mmoja mmoja.

Jioni redio ilieleza kwamba msamaha umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na kwamba wafungwa wote, kwa hiari yao, wamechagua kubaki.

Baada ya wiki tatu gari jeusi likamfuata tena. Mtukufu alikuwa amelala, kidole gumba kimevimba chini ya kijani chake. Waziri Mpendu alikuwa na furaha, akamweleza kwamba lengo sasa ni milimita tano, na hukumu zote zimerekebishwa kulingana na lengo. Kisha akashusha sauti, akasema ukucha wake wa kidole cha kati umeinuka kidogo, na waheshimiwa wenzake nao wana matatizo, wote wako koridoni, hawamwamini fundi mwingine.

"Waingie, Mheshimiwa," Mwajabu akasema. "Nitawahudumia wote."

Akaomba beseni la maji ya vuguvugu. Akaiinua mikono ya Mtukufu kwa adabu, akaitumbukiza, akaiacha humo muda mrefu. Akaomba beseni la pili kwa ajili ya Waziri, na mengine kwa walioko koridoni.

Waziri akayatazama maji. "Zamani si ulikuwa unayakataza haya?"

"Huo ulikuwa utaratibu wa kibandani, Mheshimiwa. Hapa ni Ikulu."

Jibu lilimpendeza. Akazamisha vidole vyote kumi. Mwajabu akangoja mpaka kucha zilipokunywa zikashiba, akazitoa, hakuzifuta, hakuzipangusa kwa spiriti. Akavuta jeli juu yake, nene, akaziba kingo zote pande zote, akiwa makini kuliko siku yoyote ya maisha yake. Pale palipoinuka hakuondoa kitu. Alijaza.

Waziri akaziinua kwenye mwanga, akazigeuza, akauliza zitadumu muda gani.

"Mpaka mwisho, Mheshimiwa," Mwajabu akasema, na wapiga makofi wa zamu wakapiga makofi.